Mshipi wa Kukatika

Mniwie radhi kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyolazwa na mvua, na mahali pengine nimeweka r palipotakiwa l, kwa sababu mkono unafuata tunavyotamka nyumbani. Shule niliishia mwaka wa sita wa msingi. Ninaandika polepole, na ukurasa mmoja unaweza kunimalizia asubuhi. Lakini mtu ninayemwandika hapa naye hakuwa wa haraka, basi labda itafaa.

Jina lake sitaliandika. Mtaani Kasenga watu walimwita muuza mishipi, na inatosha. Kama unakaa mbali na ziwa, mshipi ni ule uzi wa nailoni unaofungwa ndoano mwishoni, unaoutupa majini na kuushika mkononi mwenyewe ukingoja samaki. Si wavu. Wavu unavua hata mwenye wavu akiwa amelala. Mshipi unataka mtu aliye macho.

Mkono wake wa kuume ulikuwa umekufa ganzi. Kidole gumba kilikuwa kizima, vile vinne vingine vilikuwepo tu, kama vijiko ndani ya kikombe. Aliweza kuvikunja lakini havikumwambia kitu. Siku moja nilimwona ameinua sufuria ya chai kutoka kwenye mbabula, jiko la makaa, bila kitambaa, ameishika, anatafuta mahali pa kuiweka. Aliyepiga kelele ni mama wa unga, jirani yake wa kibanda. Yeye aliitazama sufuria, akasema, "Kumbe iko moto," akaiweka chini.

Kwa hiyo mishipi aliipima kwa mdomo. Aliuvuta uzi polepole katikati ya midomo, macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Mahali uzi ulipokwaruzwa na jiwe alipajua. Uzi uliokaa juani mno aliujua pia, alisema unakuwa na unga. Akipata kovu alisimama, akakata pale pale kwa meno, akatupa kipande. Wateja wengine walichukia. Walisema nani atavulia uzi uliotoka katika mate ya mzee. Akawajibu, "Samaki pia iko na mate," akaendelea.

Neno lake lilikuwa "sikia". Akikupa mshipi ujaribu, hakusema tazama wala shika, alisema sikia. Mtu mgeni alisogeza sikio. Yeye akamrudisha kwa kumgonga kidevu kidogo. "Hapa. Sikia na hapa."

Kibanda chake kilikuwa cha mbao na bati, kati ya mama wa unga wa muhogo na kijana anayetengeneza baiskeli. Mishipi ilikaa ndani ya sanduku lenye kifuniko, kwa sababu alisema jua linaua mishipi mingi kuliko samaki. Juu ya rafu aliweka vikaratasi tupu tu, kuonyesha. Mteja aliyetaka kuchagua kwa macho hakuchagua kitu. Muuza mishipi alimtazama kwanza mikono, akamuuliza anavulia wapi, kwenye mchanga au kwenye mawe, ndani ya mtumbwi au amesimama, na samaki gani anamtaka. Ukisema sangala, alicheka kwa pua. Kila anayeanza anataka sangala, maana ni samaki mkubwa, mwenye kinywa kipana, na anapigana. Hakuna anayeanza anayesema anataka ngege, samaki mdogo wa kila siku.

Nitaeleza habari ya mkulima wa Runingu, kwa kuwa mpaka leo mama wa unga akiikumbuka anashika kiuno kwa kucheka. Mtu huyu alikuja na pesa za mahindi, anataka kuanza kuvua. Muuza mishipi akampa mshipi. Juu ya karatasi imeandikwa kilo kumi. Mkulima akaupimapima mkononi, akausogeza karibu na uso.

"Papa," mkulima akasema, yaani baba, "hapa wameandika kilo kumi."

"Ndiyo vile."

"Hii haifike hata robo. Weye unaniibia mu macho."

"Ile kilo iko ya samaki. Haiko ya mushipi."

"Samaki iko wapi sasa?"

"Iko mu ziwa. Shuka ukamupime kule."

Watu wakaanza kukusanyika. Mkulima hakukubali. Alikwenda kwa mama wa unga, akaweka mshipi juu ya mizani yake, na mshale haukusogea. "Mama, unaona?" akasema. "Unaona huyu muzee?"

Mama wa unga akasema, "Minye nauza unga. Usiniingize mu kesi."

Basi muuza mishipi akachukua bidoni la njano, dumu la lita ishirini, akalijaza maji nusu, akafunga mshipi kwenye mkono wa bidoni, na mwisho wa pili akaufunga kwenye boriti ya kibanda. Akaliachia taratibu. Likaning'inia. "Hii ndiyo kilo kumi," akasema. "Imekaa?"

"Imekaa."

"Lakini samaki haiko bidoni. Samaki inastuka." Akaliinua bidoni kidogo, akaliachia kwa ghafula. Mshipi ukalia tap, bidoni likaanguka, maji yakaingia katika viatu vya mkulima. Muuza mishipi akamwambia, "Sasa umepata kilo yako yote."

Mkulima akanunua mshipi huohuo. Nadhani aliona aibu kuondoka mikono mitupu. Muuza mishipi akamfundisha fundo bure, maana fundo alimfundisha yeyote aliyesimama mbele yake, hata watoto wa shule, hata padri. Uzi unazungushwa, unarudishwa, unalowanishwa kwa mate kabla ya kukazwa, kwa sababu fundo kavu linajichoma lenyewe.

Alikuwa mtu wa vitu visivyokubaliana. Alikuwa Mprotestanti, lakini Jumapili aliketi nje ya kanisa la Wakatoliki, akasema kwaya yao inaimba vizuri na ukuta wao una kivuli. Aliuza mishipi, lakini samaki hakula; alikula maharage na majani ya lengalenga, na ukimletea samaki kwa kumshukuru alimpa mama wa unga. Ziwani hakushuka kabisa. Kutoka kibandani kwake ulikuwa unaliona ziwa lote mpaka milima ya Burundi, na yeye kiti chake alikigeuza kitazame barabara.

Kuhusu mkono wake, kila mtu alikuwa na habari yake. Watoto aliwaambia mamba wa mto Ruzizi aliulamba. Kwa mwinjilisti alisema ni adhabu ya kuvua Jumapili. Kwa mama wa unga alisema kwamba alizaliwa hivyo, na mama wa unga hakuamini kwa kuwa makovu yalionekana, mistari mitatu imeuzunguka mkono kama bangili. Mimi aliniambia siku moja bila kuulizwa, huku anafunga ndoano. Alisema alipokuwa kijana alikuwa katika mtumbwi na mwenzake, akauzungusha mshipi mzito mkononi ili ashike vizuri, sangala akaja, akazama akimvuta. Mshipi haukukatika. Uliingia katika nyama mpaka kwenye mshipa.

"Minye nilikuwa na mutu wa kisu," akasema. "Alikata."

Aliitazama rafu yake kama mtu aliyesahau alichotaka kuchukua.

Miaka ya nyuma alikuwa na mwito wake wa biashara, wakubwa wanaukumbuka. Alikuwa akisema kwa sauti barabarani, "Mushipi yangu haikatike hata kwa shetani." Aliuza mizito, ya kuvutia mtumbwi. Baadaye aliuacha mwito huo, na mizito akaacha kuiweka. Akaanza kuwauzia watu wote myembamba, hata wavuvi wazoefu, na wavuvi wakakasirika. Wengine walihamia kwa wauzaji wa soko. Kijana wa baiskeli alimtania kila siku, "Papa, nipatie mushipi nifungie mboga. Ile yako ya kukatika." Naye alimjibu bila kugeuka, "Samaki inarudi. Mukono haurudi."

Sababu ya kubadilika kwake Kasenga nzima waliijua. Mbele yangu hawakuisema, kwa kuwa sababu ni kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya.

Nitaisema kwa kifupi. Nyumba yetu ilikuwa chini, karibu na ziwa. Ziwa lilipopanda liliingia nyumbani, likakaa. Tulihamia chumba cha kuazima Kasenga, mimi, mama na yaya. Bati tulilitoa, kuta zikabaki zimesimama majini, na samaki wakaanza kuingia kwenye vyumba vyetu. Yaya alikuwa akienda kuvua juu ya ukuta wa chumba cha mama. Alimwomba muuza mishipi mshipi mzito kuliko yote, akamwomba sana, akapewa. Siku moja asubuhi alianguka. Mshipi ulikuwa umezungushwa mkononi mwake, na mwisho wa pili ulikuwa umeshika vyuma vya dirisha letu, chini ya maji. Walipompata, mshipi ulikuwa mzima.

Mimi sikulia. Siku ya kuzika nilibeba viti, nikapanga viti, nikarudisha viti. Watu wakasema, huyu binti hasikii. Wengine walimaanisha kwamba nina roho ngumu. Haikuwa ngumu. Nilikuwa kama nimekalia mguu muda mrefu, nikasimama, na mguu haupo.

Baada ya hapo mama alikuwa akila kidogo, na nyumbani hakuna aliyeleta samaki. Watu wengine walianza kuvulia juu ya ukuta wetu. Nilikuwa nikipita nawaona, wamekaa mahali ambapo mama aliweka kitanda. Nikafikiri, kama ukuta ni wetu, ni mimi ninayepaswa kuvua pale. Nikaenda kwa muuza mishipi.

Sikuwahi kusema naye zaidi ya salamu. Mimi kusema kwa watu kunanishinda. Nilisimama kando mpaka kijana wa baiskeli akasema, "Papa, huyu dada anatafuta mushipi ao muchumba?"

"Nyamaza utengeneze pompi," mzee akasema. Halafu akanitazama, na nikaona amenijua. "Weye unataka nini, mwana wangu?"

"Minye nataka mushipi."

"Ya nani?"

"Ya minye."

"Nenda uuze tomate."

Nilirudi siku nyingine, akaniambia niuze vitenge. Nikarudi tena. Hapo akafungua sanduku, akatoa uzi mmoja, akanipa. "Funga macho. Pitisha hapa. Iko na kidonda mahali. Niambie iko wapi. Ukisikia, nitakupatia mushipi. Usiposikia, minye sina mushipi yako."

Nikaupitisha midomoni wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa uzi tu.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Basi kwenda."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu. Nilikuwa nikienda baada ya kuteka maji, ananipa uzi, naupitisha, sisikii, narudi. Hakunicheka. Kijana wa baiskeli aliacha kutania, akawa anauliza tu kama mtu anayeuliza matokeo ya mpira: "Leo?" Nami natikisa kichwa. Mama wa unga alimwambia mzee kwamba ananitesa. Akajibu, "Mutu asiyesikia mushipi, samaki itamuvuta kabla ajue. Unataka nimuuzie hiyo?"

Wakati huo alinifundisha mengine. Anayeanza asichukue mzito, kwa sababu mzito unajikunja kama waya, na samaki akigusa chambo huwezi kujua. Mwembamba unaleta habari. Uzungushe kwenye chupa au kijiti, mkononi usiuzungushe hata mara moja, upite tu juu ya kidole. Baada ya kila samaki kata mwisho, funga upya. Usiuanike. Alisema mshipi na mshipa ni ndugu wa tumbo moja, vyote viwili ukivibana havisemi.

Siku niliyosikia haikuwa siku ya kitu chochote. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ina matope, pikipiki zinateleza. Niliupitisha uzi nikiwa nafikiria kuni. Kuna mahali mdomo ukasema kitu, kidogo kama chembe ya sukari. Nikasimama. Nikarudi nyuma. Kipo.

"Hapa," nikasema.

Akauchukua, akauweka mdomoni mwake, mahali palepale. Alikaa nao muda. Halafu akakata kwa meno. Kijana wa baiskeli akasema, "Kumbe," akarudi kwenye gurudumu lake.

Mzee akanitolea mshipi mwembamba, karatasi yake imeandikwa kilo nne. Nikamwambia, na sikujua kwamba ningesema, "Minye nataka kama ile ya yaya."

"Ile siuze tena."

"Juu ya nini?"

"Sababu haikatike," akasema, akafunga sanduku.

Nilianza kuvua. Sitaeleza sana, kwa kuwa anayeanza kuvua hana cha kueleza. Nilipata ngege wadogo. Niliwapoteza wengi. Niliketi juu ya ukuta wa chumba cha mama, na chini maji yakiwa safi niliona sakafu yetu na alama ya mguu wa kabati. Dirisha lilikuwa upande wa kushoto na sikutupa upande huo.

Lakini samaki hachagui upande. Asubuhi moja kitu kilichukua chambo kwa nguvu, uzi ukakimbia juu ya kidole changu, nikaona mgongo mpana, wa njano kidogo. Alikuwa kuhe, tena mkubwa. Akaenda kushoto. Akaingia dirishani. Uzi ukasimama, mgumu, hautetemeki tena, na nikajua umeshika vyuma. Nilisimama juu ya ukuta nimeushika. Nikavuta. Sikuvuta sana, kama mtu anavyomvuta mtoto nguo amwite. Ukalia tap. Ukarudi kwangu mwepesi, umejikunja mwishoni, ukaniangukia magotini.

Nikakaa chini. Kidole kilikuwa na mstari mwekundu. Kilikuwa kinauma. Nilikitazama mpaka watu wa mtumbwi waliokuwa wakipita wakauliza, "Dada, iko nini?" Nikasema hakuna kitu.

Sikwenda kwa mzee siku ile. Baadaye zikaja siku za watu kukimbia vita, sisi pia tulivuka ng'ambo ya Burundi, tukarudi. Mpaka wa nchi ukafungwa, na nailoni yetu hutoka Bujumbura. Nilipofika Kasenga nilikuta sanduku lake limefunguliwa, tupu, limewekwa juani. Alikuwa anafunga nguo katika kitenge. Mama wa unga aliniambia kwamba anakwenda Lubarika kwa binti yake.

"Lubarika iko nini?" nikamwuliza mzee.

"Mupunga," akasema. "Kule hakuna ziwa."

Nikatoa mshipi wangu kwenye chupa, nikampa mwisho uliokatika. Nilikuwa nimeutunza bila kuukata, ingawa alinifundisha niukate. Akauchukua kwa mkono wake mzima, akauweka mdomoni, akafumba macho.

"Hii haiko jiwe," akasema. "Haiko meno ya samaki."

"Hapana, papa."

"Iko chuma."

"Ndiyo. Iko ku dirisha."

Hakufungua macho. Nje kijana wa baiskeli alikuwa anagonga kitu, akaacha.

"Ulivuta na nguvu?"

"Hapana. Kidogo tu."

"Kidogo tu."

"Ndiyo, papa. Kidogo tu, ikakatika."

Akaniambia nirudie. Nikarudia tangu mwanzo, kuhe, dirisha, uzi uliosimama, nilivyovuta. Akasema tena, "Kidogo tu," si kwangu. Mdomo wake ulikuwa bado umeushika uzi. Mimi ndipo nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya mama wa unga na watu wa barabara, mimi ambaye kusema kunanishinda. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize. Halafu akakata ule mwisho kwa meno, akanifungia ndoano mpya, akalowanisha fundo kwa mate, akalikaza.

"Sasa kwenda," akasema. "Jua isiuone."

Alipanda pikipiki mchana ule. Kile kipande alichokikata hakukitupa. Nilimwona akikitia katika mfuko wa shati.

Mshipi wake ninao bado, umepungua kila ninapokata. Mama anakula. Kiti cha mzee kiko kwa mama wa unga, na mama wa unga amekigeuza, kinatazama ziwa.

Ninyi mliofika hapa, niandikieni. Mniambie kwenu anayeanza kuvua anapewa mshipi gani, na anayeuchagua anausikia kwa kidole au kwa mdomo. Kama mna mtu Lubarika, amwambie mzee kwamba fundo alilonifundisha bado halijafunguka. Nitajibu, ila mnipe muda, maana kusoma kwangu ni kama kuandika kwangu: napitisha maneno kidogo kidogo, nikipata mahali penye kidonda nasimama.